Vigelegele Katikati ya Simfoni ya Mzee Kaarel

Kuna kanisa moja la mawe pale College Park, huku Marekani, ambalo mimi silipiti tena. Nikitoka kazini Greenbelt na nataka kwenda kununua unga kwenye lile duka la Waafrika, njia fupi inapita mbele ya mlango wake kabisa, lakini mwenzenu nazunguka huko nje kwenye Beltway, ile barabara kuu inayozunguka jiji, nakaa kwenye foleni na malori, mafuta yanaungua, na bado naona heri. Aibu niliyoiacha mle ndani ni kubwa, jamani. Ningekuwa nimeteleza na sinia la pilau ningesema ni kawaida, watu wanateleza. Mimi niliharibu muziki wa marehemu mbele ya binti yake, ambaye alikuwa ameusubiri tangu utotoni na sasa ni bibi wa miaka themanini na ushee. Nawasimulia ili mkisikia kwa wengine (na mtasikia, maana Watanzania wote wa Temple Hills wanacho kisa hiki) muwe mmesikia na upande wangu, ingawa upande wangu hauna utetezi.

Kazi yangu mnaijua, nahudumia wazee majumbani kwao. Bi Helmi ni mmoja wao. Anaishi peke yake Greenbelt, kwenye zile nyumba za zamani zilizoungana, na mimi naenda asubuhi namsaidia kuoga, namkorogea uji wake wa shayiri usio na sukari, naosha vyombo, tunapiga soga. Tunaongea Kiingereza, chake kina lafudhi na changu kina lafudhi, tunaelewana. Ni Mwestonia. (Usione aibu kama hujui Estonia iko wapi, mimi siku ya kwanza nilidhani ni jina la ugonjwa wake.) Ni nchi ndogo kule kaskazini mwa Ulaya, kando ya bahari ya baridi, na wazazi wake waliikimbia kwa mashua wakati wa vita, yeye akiwa mchanga amezungushiwa blanketi. Wakakaa kambi za wakimbizi Ujerumani, halafu wakaletwa huku.

Baba yake, Mzee Kaarel, alikuwa mtunzi wa muziki. Si muziki wa kuimba, ni ule mkubwa unaopigwa na okestra nzima, watu sabini na fidla na tarumbeta, wanauita simfoni. Kwao jina lake lilifutwa kwa sababu alikimbia, na huku hakuna aliyekuwa na haja naye, kwa hiyo mchana alifagia shule na Jumapili alipiga kinanda kanisani, na simfoni zake akaziandika kwenye chumba cha chini cha nyumba, moja baada ya nyingine, zikaingia sandukuni. Akafa hajasikia hata moja ikipigwa. Nasema hivyo kwa haraka lakini ebu ifikirie.

Ile ya mwisho alikuwa akimpigia Bi Helmi kwa piano, akiwa msichana mdogo amekaa kwenye ngazi na soksi zake. Anapiga, anapiga, inafika mahali muziki unapanda juu kabisa na kugonga, basi hapo anasimama, anafunga kifuniko cha piano. Mtoto anauliza, baba, na mwisho je? Baba anasema mwisho ni wa okestra, piano haiuwezi. Kila siku jibu ni hilo. Bi Helmi hakufundishwa kusoma muziki (mzee alisema kwenye ukoo anatosha yeye mmoja kuteseka), na watu walipomwambia wamsomee zile karatasi wamweleze mwisho ukoje, alikataa. "Sitaki kuambiwa, Yusta," aliniambia. "Nataka kuusikia."

Na kusikia kwenyewe ndiko kulikokuwa kunakwisha. Sikio la kulia lilishakufa zamani. La kushoto lilikuwa linaishi kwa msaada wa kimashine, kile kidogo cha kuingiza sikioni, na kupitia hicho sauti ya redio au spika ilikuwa inamjia kama bati linalokwaruzwa, kwa hiyo muziki wa kurekodi haukumfaa kitu. Ala zenyewe, mbele yake, ukumbini, hapo ndipo alipokuwa anapata. Daktari alikuwa amemwambia hilo la kushoto nalo lina safari fupi.

Sasa akatokea Terrence. Huyu ni mwalimu wa muziki, Mmarekani mweusi, anaongoza okestra ya watu wa kujitolea, manesi, walimu, wastaafu wa kile kituo cha mambo ya anga. Alisoma Kiswahili chuoni akakaa Arusha miezi kadhaa, na tangu hapo kila akiniona ananiamkia "Shikamoo mama" ingawa tunalingana umri, nami naitikia marahaba kwa sababu nitafanyaje. Terrence ndiye aliyezipata zile karatasi za Mzee Kaarel, akazipenda, akasema tutaipiga hii simfoni ya mwisho, yote, mpaka mwisho, hapo kanisani College Park, Jumamosi mchana, kiingilio bure.

Mngemwona Bi Helmi wiki ile. Alinipigisha pasi gauni moja mara tatu. Lakini Alhamisi nikamkuta amekaa jikoni, uji hajaugusa.

"Hakuna atakayekuja, Yusta," akasema. "Waestonia wenzangu wamekufa. Waliobaki hawaendeshi gari. Watapiga mbele ya mabenchi matupu, kama alivyopiga yeye mbele yangu."

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa napita njia fupi. Lakini mimi na kiherehere changu nikamwambia, "Bi Helmi, watu niachie mimi." Nikatoa simu palepale, nikaandika kwenye kundi letu kwamba wapendwa, kuna bibi anamkumbuka baba yake Jumamosi, hana ndugu, hana watu, njooni tumsitiri. Basi. Nyinyi mnatujua. Ukishamwambia Mtanzania kuna mtu anakumbuka marehemu wake peke yake, hakuulizi ni mila gani wala dini gani, anauliza sufuria lije la ukubwa gani.

Jumamosi wakafika watu zaidi ya thelathini. Nilisimama pale kwenye maegesho nikaona magari yanaingia kutoka Temple Hills, wanashuka akina mama wa kwaya yetu wamevaa sare za kitenge, wanashusha pilau, wanashusha maandazi, na nyuma yao Njeri, yule nesi Mkenya niliyekuwa napanga naye zamani, na Papa Dido wa Kongo na suti yake ya rangi ya maziwa. Mama Koku, mwalimu wa kwaya, alikuwa amekunja kitenge kipya mkononi, cha kumvisha Bi Helmi mabegani mambo yakiisha, ndiyo heshima yetu. Niliona fahari, sitaficha. Nilijiona mtu.

Terrence alikuwa ameshanieleza jambo moja: simfoni ina vipande vitatu, na kati ya kipande na kipande hapapigwi makofi. Basi na mimi, ambaye maishani mwangu sijawahi kuingia kwenye tamasha la namna hiyo hata moja, nikawakusanya watu wangu pale kwenye magari nikawapa semina.

"Hakuna kupiga makofi ovyo," nikawaambia. "Hawa wana utaratibu wao. Mniangalie mimi."

"Sasa tuta-clap saa ngapi?" Njeri akauliza. "Wee si utatu-sign?"

"Mimi nikianza, mnaanza."

"Mama Yusta, miye nitakuangalia wewe tu," akasema Papa Dido, na akaweka mkono kifuani kwake kama anaapa. "Hii mambo ni sérieux, si mchezo."

Mama Koku naye akasema basi mwenzangu, ukipiga vigelegele hiyo ndiyo ishara, mimi nanyanyuka na kitenge, kwaya nyuma yangu, tunakwenda mbele kwa kucheza taratibu. Nikasema sawa. Sikumuuliza Terrence mwisho nitautambuaje. Alikuwa hapo hapo hatua chache, anafunga tai, nilishindwa nini kumuuliza? Nilishindwa kwa sababu nilikuwa nimeshajifanya najua.

Tukaingia. Safu za mbele walikuwapo wazee wa Kiestonia wanane au tisa na fimbo zao, halafu wazungu wengine wawili watatu huku na huku, halafu sisi, tumeshika mabenchi ya katikati yote. Bi Helmi alipogeuka akaona watu wamejaa alishika mdomo. "Hawa wote ni wa baba?" akauliza. Nikamwambia wote. Nikamketisha pembeni ya njia ya katikati, nami nikakaa kushoto kwake, upande wa sikio lililo hai, ili nikimsemesha anisikie. Hayo yote niliyafanya kwa nia njema, Mungu ananiona.

Muziki ukaanza. Mimi si mjuzi, nawaambia nilivyosikia. Kipande cha kwanza kilikuwa cha baridi, fidla za sauti nene zinatembea polepole kama mtu anayekagua nyumba iliyohamwa, na nilifikiria mambo ya kwetu ambayo nilikuwa sijayafikiria siku nyingi. Kikaisha, kimya, watu thelathini wakanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Hakuna aliyepiga makofi. Nikasema moyoni, umeona? Kipande cha pili kikaisha, wakanitazama, nikatikisa kichwa tena, na mzee mmoja wa Kiestonia akageuka akatuangalia kwa heshima kabisa. Kichwa kilinivimba.

Bi Helmi alikuwa na dunia yake. Alikuwa anaijua ile simfoni kwa moyo, tangu zile ngazi. Vidole vyake vilikuwa vinapiga piano kwenye goti, na mahali pengine vinatangulia okestra, vinafika kabla yao. Machozi yanamtoka na hayafuti.

Kipande cha tatu ndicho kilichoniua. Kilianza chini, kikapanda, ngoma zikaingia, tarumbeta zikaingia, kinapanda tu, unaona hata watu wenye fidla mikono inatetemeka, mpaka kikafika juu kabisa na kugonga, pwaa! Halafu kimya. Kimya kabisa, mwangwi unazunguka kwenye mawe ya kanisa. Na hapo hapo Bi Helmi akanikamata mkono akaubana kwa nguvu ambazo sikujua anazo, macho ameyafumba, anatetemeka mwili mzima.

Mimi nikaona imekwisha. Nikaona huyu mama anashukuru. Mwanamke amefikia jambo alilolisubiri maisha yake yote, analia kwa furaha, umekaa ubavuni mwake, unamwachaje bila vigelegele? Sikumtazama Terrence. Ningemtazama ningeona mikono yake bado iko juu. Na ningekuwa nimemsikiliza vizuri Bi Helmi jikoni kwake ningekumbuka kwamba pale panapogonga ndipo baba yake alipokuwa anafunga piano. Hakuwa anashukuru. Alikuwa anajishikilia kwangu kwa sababu sasa ndio unaanza ule mwisho asioujua.

Nikavuta pumzi ya kutoka tumboni, nikapiga vigelegele.

Na mnanijua vigelegele vyangu. Harusi ya mdogo wangu majirani walitoka nje. Nilipiga mdomo ukiwa hauna hata shibiri moja kutoka kwenye kile kimashine cha sikio lake. Bi Helmi aliruka, akatoa ukelele wa mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akajipiga mkono sikioni, akakichomoa kile kimashine, na kwa kutetemeka kwake kikamponyoka kikaangukia chini ya mabenchi. Mimi hata sijaelewa kilichotokea, nyuma yangu ishara imeshapokelewa. Vigelegele vya kwaya nzima, makofi, Papa Dido anapiga miluzi, "Bravo! Bravo!", mabenchi yanasukumwa, na Mama Koku huyo, kitenge juu ya kichwa kwa mikono miwili, anateremka njia ya katikati kwa hatua za kwaya, kiuno kushoto, kiuno kulia, na wenzake nyuma, mpaka miguuni kwa Terrence.

Terrence hakugeuka mara moja. Mikono yake ilibaki juu kwa muda, watu wa okestra wanamtazama yeye, wengine wanatutazama sisi. Halafu akaishusha polepole, akageuka. Alikuwa na jasho uso mzima. Akatuangalia wote, akasema, kwa Kiswahili, taratibu, kile cha darasani kilichonyooka:

"Bado. Bado, ndugu zangu. Tafadhali."

Afadhali angesema kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza wazungu wangedhani anawaambia watu wote. Alisema kwa lugha yetu, na kila aliyekuwa mle ndani akajua ni akina nani, na wazee wa Kiestonia wakageuka kuwaangalia wenye lugha hiyo. Kelele zikakatika kama umeme. Mama Koku alibaki kasimama pale mbele na kitenge chake, kurudi hawezi, akakaa chini kwenye ukingo wa jukwaa, mama mzima, akakiweka kitenge mapajani akainamisha kichwa.

Terrence akawageukia watu wake, akainua mikono, wakaendelea.

Bi Helmi hasikii kitu. Ananitazama, anaonyesha sikio lake, ananionyesha chini, midomo inacheza bila sauti. Pale mbele pinde za fidla zimeanza kwenda. Anaziona. Mwisho wa baba yake umeanza na anauona kwa macho. Nikajitupa chini. Nimepiga magoti katikati ya mabenchi na gauni langu la Jumapili, napapasa sakafuni, nagusa viatu vya watu, nagusa mikoba, nagusa andazi la mtu, Mungu wangu, kichwa kimegonga benchi, moyo unadunda masikioni kiasi kwamba hata mimi sikusikia muziki, nasikia pumzi zangu tu. Nikasogea mbele kidogo niangalie chini ya benchi linalofuata. Nikasikia chini ya goti langu, krrak.

Nilijua kabla ya kunyanyua goti. Kilikuwa kimekuwa vipande vitatu na kibetri kimebiringika.

Nikabaki pale chini. Sikutaka kuinuka. Na hapo ndipo simfoni ikaisha, na mimi sikujua kama imeisha, niliona tu miguu ya watu imetulia, na baada ya muda nikasikia Njeri ananinong'oneza kutoka juu ya benchi, "Yusta. Yusta! Sasa ni saa? Ama bado?"

Sikumjibu, nina vipande mkononi. Na kwa kuwa sikumjibu, hakupiga makofi. Hakuna aliyepiga. Watu thelathini na kitu wamekaa mikono mapajani, wanasubiri mimi, na mimi niko chini ya benchi. Hata wale wazungu waliogopa kukosea, baada ya kuona yaliyotupata. Okestra imekaa, pinde zimeshushwa, Terrence ametupa mgongo, kanisa limenyamaza. Na katika kimya hicho Bi Helmi akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe:

"Kwa nini hawapigi makofi? Ni mbaya? Muziki wa baba ni mbaya?"

Nimefiwa, nimeachika, nimevuka mipaka na viza iliyokwisha, lakini sijawahi kusikia kitu kilichoniuma kama sauti hiyo. Niliinuka nikaanza kupiga makofi mwenyewe, vipande vikadondoka tena, na watu wangu wakapiga, wakapiga kweli, wakasimama, wengine wanalia. Yeye aliona mikono inagongana. Alituangalia kama mtu anayeangalia watu nyuma ya kioo cha basi.

Kwenye ukumbi mdogo wa nje, penye chakula, hakuna aliyegusa pilau. Bi Helmi akaanza kuzunguka kwa watu, mmoja mmoja, anawauliza: mwisho ulikuwaje? Na watu wetu (na hili nalo ni letu, hatujui kumvunja moyo mtu mzima) kila mmoja akamjibu kwa ishara aliyodhani itamfariji. Papa Dido akanyoosha mikono juu na kutabasamu, maana yake furaha, ushindi. Mama mmoja wa kwaya akalaza shavu kwenye kiganja, maana yake utulivu, usingizi mzuri. Njeri akachora moyo hewani. Bi Helmi anatazama mkono huu, anatazama mkono ule, uso unazidi kumsinyaa, kwa sababu hajazeeka akili, anaona kabisa kwamba hizo zote haziwezi kuwa kweli. Akanifikia mimi.

"Na wewe, Yusta?"

Nikatikisa kichwa. Nikaonyesha sakafu. Sikusikia, mama. Nilikuwa chini.

Akaelewa. Akanishika shavu, akasema, "Twende nyumbani." Angenizaba kibao ningepona.

Nilimwomba Terrence msamaha kwa simu siku ya pili, nikilia. Hakunifokea. Alisema kimashine kingine kikipatikana atakuja nyumbani kwa Bi Helmi na wapigaji wachache, watampigia ule mwisho sebuleni, kwa kuwa ule mwisho, kwa kweli, hauhitaji watu wengi. Sikumwelewa wakati ule. Nikashika tumaini hilo kwa mikono miwili. Nilihangaika na bima, nikasubiri kwenye simu wananipigia muziki wa kusubiria, nikaambiwa karatasi hii haipo, ile imekosewa, majani yakapukutika, theluji ikaja, ndipo kimashine kikapatikana. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio. Akakiweka, akakiwasha, akampigia milio. Bi Helmi amekaa mikono mapajani anasubiri waanze. Walikuwa wameshaanza. Kimashine kilikuwa kizima kabisa, sikio ndilo lililokuwa limekufa.

Terrence nilimweleza, akasema atakuja tu, ameahidi. Akaja Jumapili mchana na watu watatu wenye fidla, wakasogeza meza, wakakaa. Bi Helmi alivaa lile gauni. Alikaa mbele yao karibu kabisa, akaweka kiganja kwenye mbao ya fidla ya yule mama wa kwanza, akaruhusiwa.

Wakapiga. Mara hii nilisikia. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. Ni wimbo mdogo, wa chini, ungeweza kuimbiwa mtoto, fidla tatu zinaupokezana, halafu mbili, halafu inabaki moja peke yake, inaurudia, inaurudia, na ikifika katikati ya wimbo, mahali ambapo masikio yako yameshajiandaa kwa neno linalofuata, inaacha. Haimalizi. Upinde wa yule mama ulisimama hewani na ukabaki hapo, na Terrence akawa anatazama sakafu.

Bi Helmi aliuangalia ule upinde. Akaangalia vidole. Akasubiri. Kisha akasema kwa ile sauti kubwa, "Ni fidla moja tu?" Terrence akaitikia kwa kichwa. "Na anaacha hivyo?" Akaitikia. Mkono wake bado uko kwenye ile mbao.

"Basi piano ingeuweza," akasema. "Hata kidole kimoja kingeuweza. Ni baba ndiye hakuweza."

Hakulia. Aliwashukuru wote kwa majina, akaniambia niwape chai.

Mimi bado naenda kwake kila asubuhi. Nikiingia hanisikii, inabidi nizunguke mbele aone uso wangu kwanza ndipo nimguse. Vigelegele nimeacha. Kwenye harusi ya binti wa Mama Koku niliwaambia naumwa koo, nikakaa na maji yangu. Na nimejiapiza sitamwongoza mtu tena kwenye jambo nisilolijua, hata kama ni njia ya chooni. Lakini kiapo hakinisaidii nikiwa naosha vyombo vya uji pale jikoni na yeye amekaa sebuleni kimya, maana ule wimbo umenikaa kichwani, unakuja wenyewe, unafika katikati unakatika, unaanza tena. Mara nyingine najikuta nauimba kwa sauti, hatua tatu kutoka alipo. Ndio ule aliousubiri tangu utotoni, na kati yetu wawili anayeujua ni mimi.